Wivu Wangu na Bima ya Simbeye

Vijana mnaovaa koti jeupe kwa mara ya kwanza, najua mwezi huu mmepokea mshahara na najua viatu vipya mmekwisha kuvinunua. Siwalaumu. Mimi nilinunua kofia. Ilikuwa kofia ngumu kama ile aliyovaa Bwana DC, nikaivaa njia nzima mpaka kwetu Isansa, na mama yangu akanitazama akasema kofia ni mpya lakini kichwa ni kilekile. Nimeombwa niwaandikie habari za kutunza fedha na kukata bima, kwa sababu nasikia wakala wa bima akipita hospitalini kwenu mnajificha chooni. Walioniomba walidhani nina akili ya fedha. Sina. Nilicho nacho ni wivu, na wivu ndio ulionifundisha yote nitakayoyasema hapa.

Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Wako watu wanaozaliwa na matege, mimi nilizaliwa na kijicho, na nimetembea nacho mpaka uzeeni bila fimbo.

Tulikuwa wawili. Mimi Haonga, Mnyiha wa Isansa, na mwenzangu Gideoni Simbeye, Mnamwanga wa Tunduma ambaye nusu ya ukoo wao ulikuwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Nakonde. Tulisoma pamoja Dar es Salaam, tukafaulu pamoja, tukapangwa pamoja katika hospitali ndogo ya serikali huku Mbozi. Serikali ya Waingereza ilituandika kuwa wasaidizi wa mganga. Mganga mwenyewe alikuwa Mzungu aliyekuja na gari kutoka Mbeya mvua zikimruhusu. Lakini mgonjwa mwenye homa hana haja ya kujua mambo ya vyeo. Watu walituita daktari, nasi tukaitika.

Mshahara wetu ulikuwa sawa mpaka senti ya mwisho, na hapo ndipo serikali iliponikosea. Kama Simbeye angenizidi mshahara, ningekuwa na la kusema. Ningesema ni mshahara, nikalala. Sasa alikuwa akinizidi kila kitu, na mshahara ni uleule. Ningesema nini?

Chukueni habari ya baiskeli. Siku hizo wanaume waliotoka kufanya kazi kwenye migodi ya shaba walirudi kupitia Tunduma, wamevaa suruali pana, wamebeba blanketi na gramafoni, wengine wanasukuma baiskeli. Wakikaribia nyumbani wanakumbuka kwamba wazee wanangoja kuona fedha, si gramafoni. Simbeye alilijua hilo tangu utoto. Akipata likizo alikwenda kukaa karibu na kizuizi cha mpakani, akiwasalimu kwa Kibemba, "Mwapoleni mukwai," akiuliza habari za safari, na bila haraka akanunua baiskeli ya mtu kwa bei ya nusu, na mtu mwenyewe akaondoka anamshukuru.

Nilipomwona anaingia hospitalini juu ya baiskeli ile, nikaitaka yangu siku hiyohiyo. Sikwenda kukaa Tunduma. Nilikwenda dukani kwa Mhindi pale Vwawa, nikachukua mpya kabisa, yenye taa na kengele, kwa mkopo. Simbeye aliizunguka, akaipigapiga kiti, akaisifu kwa moyo mweupe. Hilo lilinichoma zaidi, maana nilitaka naye aumie kidogo. Niliilipia muda mrefu hata tairi zikaisha kabla ya deni.

Kwa hiyo mkitaka kununua kitu, jiulizeni kwanza ni nani aliyekinunua kabla yenu. Kama jibu lina jina la mtu, rudini nyumbani mkanywe maji.

Jambo la pili ni ndugu. Daktari mpya ana ndugu wengi kuliko chifu. Mimi nilikuwa nikiwapa fedha taslimu, tena mbele za watu, maana nilipenda kuona nyuso zao. Mjomba wa mama, shangazi wa jirani, na mmoja ambaye mpaka leo sijui tulihusiana vipi. Simbeye hakutoa fedha. Wakati wa mavuno, mahindi ya Isansa yakiwa bei ya kutupa, alijaza kihenge chake mpaka juu, na mpunga aliuletewa kutoka Kamsamba. Ndugu akija na shida, Simbeye alimsikiliza mpaka mwisho, akala naye, akamuuliza habari za kila mtu nyumbani, kisha akampa debe la mahindi. Mwenye njaa alikwenda anaimba. Aliyetaka fedha ya pombe alikwenda na debe kichwani, na kwa kuwa debe ni zito hakurudi upesi. Matokeo yake ndugu zake walimwita mtu mwema, na wangu, niliowapa kila kitu, walinisema kuwa bahili mwezi mmoja niliokosa. Nilikasirika, nikaenda kununua kihenge. Lakini nilikinunua wakati wa njaa, mahindi yakiwa ghali, kikakaa kitupu, panya wakazaa ndani.

Wagonjwa wetu waliopona walileta kuku. Haikuwa rushwa, ilikuwa asante, na ilikuja mtu akiwa amekwisha kupona. Wangu niliwala. Mke wangu Eda alijua kuwaunga kwa karanga, na sijutii supu hata moja. Simbeye aliwapandisha vyeo. Kuku wakawa mbuzi, mbuzi wakawa ndama, na ndama nao hawakuonekana nyumbani kwake.

Hapa nieleze mila moja ambayo ninyi mliozaliwa mjini huenda hamuijui. Mtu mwenye ng'ombe huwaweka kwa watu wengine. Anayemlisha ng'ombe wako anakunywa maziwa, anapata samadi ya shamba, na baada ya muda unampa ndama wa kumshukuru. Ng'ombe mwenyewe anabaki wako. Simbeye alikuwa nao kila mahali: Kamsamba kwenye joto, kwa binamu ya mama yake, Isansa kwetu, kwa mzee mmoja, wengine njia ya mpakani. Ukipita nyumbani kwake uliona kuku wachache na kihenge. Watu walidhani hana mali.

Mimi nilijua. Nilikuwa nikitoka kwenda vijijini kuchanja ndui, na nikiona ng'ombe mgeni zizini nauliza ni wa nani. Mwenye zizi anapepesa macho, nami naelewa. Nilimjua yule mwekundu mwenye doa jeupe kama kiganja. Nilimjua wa pembe moja. Nilijua yupi amezaa na yupi anakaribia. Wengine walikariri Zaburi, mimi nilikariri ng'ombe wa Simbeye, na kila alipozaa mmoja nilikosa hamu ya kula.

Wangu nao nilikuwa nao, msidhani. Niliwaweka wote kwa baba yangu mkubwa, katika zizi moja kando ya barabara, ili kila apitaye aseme wale ni wa daktari Haonga. Walisema hivyo msimu mmoja. Kisha ikaja ndigana, ile homa ya ng'ombe iletwayo na kupe, zizi likabaki na kinyesi. Ndigana ilipita na kwa Simbeye, ikachukua wawili watatu wa upande mmoja, na wale wa pande nyingine hawakuhisi hata kikohozi.

Alikuja kunipa pole. Akasema kwangu kuna watoto wadogo, basi nimchukue yule mwekundu nimlishe, watoto wapate maziwa. Nilimwambia watoto wangu hawapendi maziwa. Wakanywa chai ya rangi mwaka mzima, na Eda hakunisemesha siku nyingi. Lakini nilikuwa nimeapa kwamba kitu cha Simbeye hakitavuka mlango wangu.

Basi ndipo akaja yule wakala wa bima. Aliitwa Bwana Ratilal, mtu mnene mwenye gari dogo lililojaa vumbi. Kazi yake ilikuwa na walowezi wenye mashamba ya kahawa na wenye maduka, lakini siku hiyo gari lilimharibikia jirani nasi, akaona heri asipoteze siku. Alituketisha kivulini nje ya chumba cha dawa akatueleza. Unalipa kidogo kila mwezi kwa hawala ya posta. Ukifika miaka fulani u mzima, unarudishiwa na nyongeza. Ukifa kabla, kampuni inamlipa yule uliyemwandika jina.

Nilicheka. Nilimwambia hata kama ningekuwa na fedha hiyo, asingepata Mnyiha wala Mnamwanga wa kuandika jina hilo. Huku kwetu ukimtaja mtu atakayenufaika na kifo chako, umemtia matatani. Ukiumwa kichwa tu, ukoo mzima unamtazama yeye. Ukimwandika mkeo, siku unayokufa watasema amekula kichwa cha mumewe, atafukuzwa kabla matanga hayajaanuliwa. Ukiandika ndugu zako, mke na watoto hawaoni kitu. Bwana Ratilal alisikiliza kwa heshima, akasema kwa Wazungu halipo jambo hilo. Nikamwambia aende kwa Wazungu. Niliondoka nimeridhika sana na jibu langu. Simbeye alibaki amekaa.

Siku ya pili yake nilikuwa nahesabu kwinini, Simbeye akaingia akaegemea meza.

"Haonga, nimekata ile bima," alisema. "Jina nililoandika ni lako."

Nilimuuliza kama ana homa.

"Nikimwandika mke wangu Rebeka, kaka zangu watasema kaniua. Nikiwaandika kaka zangu, Rebeka atarudi kwao mikono mitupu, na mwanangu Tito ataacha shule. Wewe si wa ukoo wetu. Hakuna atakayekuuliza kitu. Nikifa, mpe yeye."

"Yeye anajua?"

"Hajui, na usimwambie. Akijua, atamwambia dada yake, na kaka zangu watasikia."

Nilitaka kukataa. Lakini nilimtazama nikaona amevaa shati lililofuliwa vizuri, uso umetulia, mtu amepanga maisha yake na sasa amemaliza kupanga na kifo chake, na mimi hata deni la baiskeli sijalimaliza. Roho iliniuma hata nikasahau hesabu ya kwinini. Nikamjibu sawa, ili aondoke tu.

Vijana, sikilizeni hapa. Mnajua kwa nini daktari anahitaji bima kuliko karani? Karani akisikia kijiji fulani kuna ugonjwa, anabadili njia. Wewe unafunga mzigo unakwenda hukohuko. Msimu mmoja wa kiangazi ilizuka homa ya uti wa mgongo kule bondeni Kamsamba. Zamu ya safari ilikuwa ya Simbeye. Alikwenda na sanduku la dawa na wapagazi, akakaa huko akiwahudumia watu, na baada ya muda tarishi akaja peke yake na sanduku la dawa. Simbeye alikuwa amekwisha kufa, na kwa sababu ya joto na ugonjwa wenyewe walimzika palepale.

Nililia, tena si kilio cha kutafutwa. Tulikuwa tumelala chumba kimoja shuleni, tumeibiwa viatu siku moja. Lakini siwafichi: nilipoona jinsi watu walivyojaa kwenye matanga yake, kutoka Tunduma, kutoka Nakonde, mpaka Wasafwa wa mbali aliowatibu mara moja, nilijiuliza kwangu watakuja wangapi, na nikamwonea wivu maiti.

Matanga yalipokaribia kuisha, kaka yake mkubwa, Yakobo, alisimama kusema habari za mali na mjane. Yakobo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa desturi. Alisema marehemu aliishi kwa heshima lakini hakujaliwa mali, ameacha baiskeli na kihenge. Baiskeli angeichukua yeye, watoto wangekwenda Tunduma kwa ukoo, na kuhusu mjane, yeye Yakobo alikuwa tayari kumwangalia, akimaanisha kumrithi. Rebeka alikuwa ameketi na wanawake, amejifunika kanga mpaka usoni. Nilimwona anamvuta Tito karibu naye, na mkono wake haukumwachia tena.

Mzee wa kanisa akauliza kama kuna yeyote anayejua mali nyingine ya marehemu. Walikuwapo pale watu ambao ng'ombe wa Simbeye walikuwa zizini mwao asubuhi hiyo. Wote walikuwa wakitazama chini.

Nawaambieni kilichonisimamisha hakikuwa wema. Nilisikia yale maneno, hakujaliwa mali, na damu ikanipanda kichwani. Miaka yote ile nimekosa usingizi kwa mali ya mtu, nimenunua baiskeli kwa ajili yake, nimewanyima watoto maziwa kwa ajili yake, leo anatokea mtu kusema hakuwa na kitu? Basi mimi niliumia bure?

Nilisimama nikamtaja ng'ombe mmoja mmoja. Mwekundu mwenye doa jeupe, yuko Isansa kwa mzee fulani aliyekaa pale mlangoni, amezaa majike mawili na dume moja, dume aliuzwa kwa ruhusa. Wa pembe moja yuko Kamsamba. Mweusi mwenye mkia mfupi alikufa kwa ndigana, lakini ngozi yake haijalipwa. Kila mwenye zizi niliyemtaja aliinua uso, akakohoa, akasema ni kweli, alikuwa anangoja tu nafasi ya kusema. Nilimaliza ng'ombe nikaingia kwa mbuzi. Nilipoanza kuku, mzee wa kanisa alinigusa bega akaniomba nikae, na nikaona anajizuia kucheka.

Baraza la wazee lilikaa juu ya jambo hilo. Ukoo ulipata sehemu kubwa ya ng'ombe, ndiyo desturi, na sehemu ndogo ikabaki kwa watoto. Kanisa lilisema Rebeka halazimishwi kurithiwa. Yakobo akakubali, ila akasema kwa sauti ya upole kwamba mwanamke asiye na mume wala shamba hatakaa Mbozi muda mrefu, na kwamba yeye angemngoja Tunduma bila haraka. Alikuwa na haki kufikiri hivyo. Maziwa ya ng'ombe wachache yasingemsomesha Tito, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya serikali. Alitakiwa kuiacha.

Bwana Ratilal akaja na gari lake la vumbi. Alinipa mkono wa pole, akaniongoza namna ya kupokea fedha benki Mbeya. Nilipanda lori, nikasaini, nikapewa. Sikuwahi kushika fedha nyingi hivyo kabla ya siku hiyo wala baada yake. Niliziweka ndani ya koti, upande wa moyo, na tangu nilipotoka mlangoni nilijua jambo moja ambalo halikunitoka kichwani njia nzima: watu watatu tu ndio walioijua bima ile, mmoja amezikwa Kamsamba, mwingine ni Mhindi anayeishi mbali, na wa tatu ni mimi.

Lori lilisimama Vwawa kupakia magunia, mbele kabisa ya duka lenye deni langu. Mwenye duka aliniona akanipungia mkono, kwa adabu, kama mtu anayekukumbusha. Nilishuka. Ningelilipa deni lile lote, nikaezeka bati, nikanunua ng'ombe, safari hii nikawatawanya kwa akili kama Simbeye. Rebeka angekwenda Tunduma kwa shemeji yake kama wanawake wengi walivyokwenda, na hakuna ambaye angeninyooshea kidole. Nilifika mpaka kizingitini.

Hapo nikaona picha yangu mwenyewe chini ya bati jipya, nakunywa maziwa ya ng'ombe wangu, na kila kitu ninachogusa ni cha Simbeye. Bati la Simbeye. Maziwa ya Simbeye. Mimi niliyekataa ng'ombe mmoja akiwa hai, nilishwe naye akiwa amekufa, mpaka nizeeke? Nilimwamkia mwenye duka, nikanunua sukari kidogo kwa fedha yangu, nikarudi kwenye lori.

Nilimkuta Rebeka anafunga mizigo. Eda mke wangu alikuwa anamsaidia, nikamwomba atuache kidogo. Nikaweka bahasha juu ya sanduku.

"Shemeji, hii umeitoa wapi?" aliuliza.

Nilimweleza yote, bima, wakala, na sababu ya mumewe kumficha. Hakuigusa bahasha. Alikaa chini juu ya mzigo wa vyombo, akalia, nami nikatazama ukutani. Kisha akafuta uso kwa ncha ya kanga, na sikutegemea alichokisema.

"Nilimuuliza mara moja kwa nini anakuonyesha kila anachopata, naye anaona unavyoumia. Akasema, kaka zangu wananipenda lakini hawajui hata majina ya watoto wangu. Haonga anawajua mpaka kuku wangu. Nikifa, yeye ndiye atakayejua kama kuna kilichopotea."

Mwaka baada ya mwaka nilidhani nampeleleza, kumbe alikuwa ananipeleka. Lile shati safi, zile hadithi za bei za Tunduma, ile namna ya kunitajia ndama kazaliwa kwa nani kana kwamba ni habari ya kupitisha muda. Alikuwa amenifanya mimi bima yake muda mrefu kabla Bwana Ratilal hajaharibikiwa na gari. Nikamkasirikia tena, naye hayupo wa kukasirikiwa.

Rebeka hakwenda Tunduma. Alihamia Isansa, akanunua mibuni ya mzee mmoja wa kwetu aliyekosa nguvu za kulima, akajenga nyumba ndogo, akailipa ada ya Tito mapema kabla hajanunua hata kikombe. Yakobo alikuja kumtembelea, akamkuta anasimamia vibarua, akala ugali, akarudi kwao bila kusema neno la kurithi. Mibuni yake ilizaa vizuri kuliko yangu, ardhi ni ileile na mvua ni ileile. Sitaki kuongeza hapo.

Niliendelea na kazi. Deni la duka lilikwisha kwa kujinyima. Kuku nilianza kuwafuga. Fedha ya ndugu nikaigeuza mahindi, na niliyanunua wakati wa mavuno, maana panya walikuwa wamenifundisha. Haya yote ningeyafanya tangu mwanzo kama ningemtazama Simbeye ili nijifunze, badala ya kumtazama ili niumie. Macho ni yaleyale.

Kisha Bwana Ratilal akapita tena. Safari hii gari lilikuwa zima, alikuja kwa makusudi. Nilimkaribisha mwenyewe, nikampa kiti, nikamwambia nakata bima. Alifurahi, akatoa karatasi, akauliza umri, akauliza kama nimewahi kuugua kifua, tukafika pale pa jina.

"Nimwandike nani?"

Nilimwambia angoje kidogo. Eda sikuweza kumwandika, nilikwisha kueleza sababu. Kaka zangu nawajua. Nikaanza kutafuta mtu kama mimi nilivyokuwa kwa Simbeye, mtu anayejua kuku wangu, aliyekosa usingizi kwa ajili ya kihenge changu, ambaye siku nikisemwa kuwa sikuwa na kitu atasimama kwa hasira na kusema si kweli. Nilianzia hospitalini, manesi na makarani. Nikaenda kanisani kiti kwa kiti. Nikashuka Kamsamba, nikapanda mpaka Tunduma. Nilitafuta nchi nzima ya Mbozi nimekaa kwenye kiti, na Bwana Ratilal anapangusa jasho. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunionea wivu.

Mwishowe nilimpata mtu mmoja ambaye ningeweza kumwachia kifo changu nikalala usingizi, asingekula senti ya Eda wala asingesema neno.

"Mwandike Rebeka," nilimwambia.

Bwana Ratilal aliandika polepole, akainua kichwa. "Huyu ni nani wako?"

Nilitaka kusema shemeji, nikaona nitakuwa namwibia mtu.

"Si wangu," nilisema. "Huyu naye ni wa Simbeye."